Hujafa, Hujaumbika

Tangu nikiwa mtoto nimeisikia methali hii ikisemwa karibu yangu, kwa sauti ya chini. Mtoto akinikodolea macho, mzazi wake humvuta mkono na kumwonya: hujafa, hujaumbika. Maana yake ni kwamba mtu asimcheke mwenye kilema, kwa kuwa maadamu yu hai hajui mwili wake utakuwaje kesho. Ni methali ya huruma, wala siwalaumu walioitumia. Lakini huruma nayo ina uzito wake kwa anayehurumiwa, na mimi niliubeba uzito huo kwa miaka 46 kabla sijaamua kuutua.

Niliungua mwaka 1965, huko Muheza, nikiwa na umri wa miaka minne. Ulikuwa wakati wa magharibi. Mama alikuwa ameweka kibatari juu ya kigoda, juu ya kitambaa alichokifuma mwenyewe, akatoka uani kuepua chungu. Nilivuta kitambaa. Mafuta ya taa yalinimwagikia shingoni pamoja na moto wake. Majirani walinipaka asali usiku ule, na asubuhi nikapelekwa hospitali ya wilaya. Nilipona, na kwa wakati ule kupona kulikuwa jambo la kushukuriwa sana. Lakini kidonda kikubwa cha moto kikiachwa kijifunge chenyewe hujivuta kama mdomo wa mfuko unaokazwa kamba. Kovu langu lilitoka chini ya sikio la kushoto likashuka shingoni, na katika kujikaza kwake likaivuta ncha ya mdomo wangu upande mmoja. Niliweza kula, kusema na kucheka. Ila kila nilipocheka, kicheko kilikwenda upande.

Sikunyimwa mengi. Nilisoma, nikaolewa, nikazaa. Mwaka 1984 niliajiriwa kuwa karani wa benki. Wiki ya pili mkubwa wangu wa kazi alinitoa dirishani akanipeleka chumba cha nyuma, kwenye madaftari, akisema kwamba hesabu zangu ni safi mno, ni hasara kuzipoteza mbele ya wateja. Nilimshukuru. Nilikaa katika chumba kile miaka 27, na hesabu zangu, kwa hakika, zilikuwa safi.

Mtoto wa dada yangu alipokuwa akisomea udaktari ndiye aliyeniambia kwamba kovu kama langu linaweza kutolewa na mahali pake kuwekwa ngozi nyingine. Nilimwambia aache utani. Kisha nikakaa macho usiku kucha.

Nilipotangaza nia yangu nyumbani, kila mmoja alikuwa na neno. Dada zangu waliuliza kwa kicheko, katika umri huu namtafuta nani? Shemeji yangu mmoja aliuliza gharama, akanyamaza. Mama, ambaye wakati huo alikuwa amepita miaka 70, alisema neno moja tu, akaondoka barazani: "Mungu alikubakiza hai, sasa unamdai na sura?" Neno hilo lilinichoma kuliko yote. Niliona kwamba ananishtaki kwa kukosa shukrani. Sikujua kwamba chini ya neno lile kulikuwa na neno jingine.

Daktari wa upasuaji alikuwa mtu wa maneno machache. Swali lake la kwanza lilikuwa, "Mama, umekuja kwa sababu gani?" Nilitaka kumjibu kwamba shingo inabana, jambo ambalo lilikuwa kweli kidogo. Nikaona haya kumdanganya. Nikasema, "Nataka kucheka sawasawa." Aliandika jambo hilo katika faili langu bila kutabasamu, nami nikampenda kwa kutotabasamu kwake. Kisha akaniambia jambo ambalo kila mwenye nia kama yangu anapaswa kuambiwa mapema: "Mimi sifuti kovu. Hakuna awezaye. Nitaliondoa hili baya nikuachie jingine lililo afadhali, na pale nitakapoazima ngozi nitakuachia la tatu."

Akanitazama mwili kama fundi anayekagua nyumba ya kale. Aliangalia alama ya chanjo begani, kuona kama makovu yangu huvimba na kupanda juu ya ngozi, maana sisi weusi tuna hatari hiyo zaidi, na mwenye ngozi ya namna hiyo anaweza kukatwa kovu dogo akarudishiwa kubwa. Langu halikuwa limevimba. Nilipimwa damu, sukari na shinikizo la damu. Niliambiwa niache vidonge vya aspirini nilivyozoea kuvimeza kwa maumivu ya kichwa, kwa sababu huzuia damu kuganda. Nilipigwa picha mbele, kushoto na kulia. Kisha nikapangiwa tarehe, miezi mitatu mbele.

Miezi hiyo mitatu ndiyo iliyonifanya kuwa msomaji wa historia. Mpwa wangu aliniletea vitabu na nakala za kurasa alizozitoa katika maktaba ya chuo chao, labda ili kunituliza. Nilitafuta humo jibu la swali la mama: je, mtu kutaka sura yake ni kufuru, au ni haki?

Jambo la kwanza nililojifunza ni kwamba upasuaji huu haukuanza na matajiri wenye kuchoka na pua zao. Ulianza na watu walioaibishwa. Katika India ya kale kukatwa pua kulikuwa adhabu, na katika maandishi ya tiba yanayoitwa kwa jina la Sushruta kuna maelekezo ya namna ya kumtengenezea mtu pua mpya kwa ngozi yake mwenyewe. Elimu hiyo haikufa. Mwaka 1794 gazeti moja la London, The Gentleman's Magazine, lilichapisha habari za Mhindi aitwaye Cowasjee, mwendesha maksai wa jeshi la Waingereza, aliyetekwa na askari wa Tipu Sultan mwaka 1792, akakatwa pua na mkono mmoja. Alikaa kama mwaka mzima bila pua. Kisha fundi mmoja wa karibu na Poona, ambaye si daktari wa chuo chochote cha Ulaya, alimtengenezea nyingine. Alifinyanga nta kwa umbo la pua, akaibandua na kuilaza bapa juu ya kipaji cha uso, akaichora pembeni, akakata ngozi kwa kipimo hicho na kuishusha chini, huku akiacha utepe mwembamba wa ngozi kati ya macho ili damu iendelee kupita.

Nilisoma habari hiyo mara nyingi, lakini kilichonivutia si kisu. Ni yale yaliyofuata. Mgonjwa alilazwa chali siku tano au sita. Siku ya kumi alitiwa vipande vya kitambaa laini puani ili matundu yasizibe. Ule utepe haukukatwa mpaka ilipokaribia siku ya 25, ngozi ilipokwisha kuota mizizi mahali pake papya. Kazi ya mkono wa fundi ilikwisha siku ile ile, na kazi ya Cowasjee, yaani kulala na kungoja, ndiyo kwanza ikaanza.

Karibu miaka 200 kabla ya hapo, huko Bologna, Italia, mwalimu wa upasuaji Gaspare Tagliacozzi alikuwa amechapisha kitabu chake mwaka 1597 juu ya njia nyingine. Yeye alichukua ngozi ya mkono. Na kwa kuwa ngozi ikikatwa kabisa itakosa damu, aliushona mkono huo usoni ungali mzima, mgonjwa akafungwa mikanda, mkono juu ya kichwa, kwa muda wa wiki mbili tatu. Hebu fikiri, msomaji: kula, kulala na kwenda haja ukiwa umefungwa hivyo, na bila nusukaputi, maana dawa ya usingizi ya etha ilionyeshwa hadharani katika hospitali ya Boston, Marekani, tarehe 16 Oktoba 1846. Watu hao hawakuvumilia hayo kwa sababu ya majivuno. Mwenye majivuno hukimbia siku ya pili.

Aliyenigusa zaidi ni daktari wa Berlin, Jacques Joseph. Mwaka 1896 mama mmoja alimletea mtoto wa kiume wa miaka kumi aliyekuwa akichekwa shuleni kwa sababu ya masikio yake makubwa, hata akakataa kwenda shule. Joseph alimpasua, na kazi ikawa nzuri. Malipo yake yalikuwa kufukuzwa kazi katika zahanati alikokuwa msaidizi, kwa sababu wakubwa wake waliona si kazi ya daktari kumpasua mtu asiye mgonjwa. Mwaka 1898 akampunguzia pua mtu mzima aliyekuwa akijificha na watu, na akaeleza mbele ya madaktari wenzake kwamba majonzi ya mtu huyo yameondoka. Hoja yake ilikuwa rahisi: aibu nayo huumiza, na kinachoumiza ni halali ya tabibu. Ilipokuja Vita Kuu ya Kwanza, mtu yule yule aliyefukuzwa alikabidhiwa nyuso za askari katika hospitali ya Charité. Niliweka kitabu chini nikamkumbuka mkubwa wangu wa benki na madaftari yangu.

Vita ile ilileta wengi. Huko Sidcup, Uingereza, daktari Harold Gillies, mzaliwa wa New Zealand, alifunguliwa hospitali mwaka 1917, na askari zaidi ya 5,000 walipita mikononi mwa kundi lake. Mmoja wao alikuwa baharia Willie Vicarage, aliyeungua uso kwa baruti katika pigano la majini la Jutland mwaka 1916. Oktoba 1917 Gillies alikata ngozi ndefu kifuani pake ili ainyanyue usoni, akaona kingo zake zinajikunja zenyewe. Akazishona pamoja, ngozi ikawa bomba. Bomba hilo lilipitisha damu ndani kwa usalama na kuzuia uchafu, nalo likaokoa wengi katika zama ambazo penisilini haikuwapo. Lakini bomba la ngozi huning'inia wiki nyingi kabla ya kukatwa upande mmoja. Na katika wiki hizo askari walitembea mjini. Kwenye njia ya kutoka hospitali baadhi ya viti vilipakwa rangi ya buluu, ili wenyeji wajue kwamba anayekaa pale ana uso wa kuogofya, wajiandae au wageuke. Ndani ya wodi vioo viliondolewa.

Nilivijua viti vile vya buluu. Changu kilikuwa katika chumba cha nyuma cha benki.

Binamu yake Gillies, Archibald McIndoe, naye wa New Zealand, alifanya vingine. Mwaka 1939 alipewa wodi katika mji mdogo wa East Grinstead, kusini mwa London, na baada ya muda wakaanza kuletwa marubani vijana walioungua ndani ya ndege zao, nyuso na mikono. McIndoe aliona kwamba walioanguka baharini walipona vizuri kuliko walioanguka nchi kavu, akaacha dawa kali ya kukausha vidonda iliyokuwa ikitumika, akawaogesha kwa maji ya chumvi. Aliona pia kwamba ngozi si kitu pekee kilichoungua. Akawaruhusu wavae nguo zao badala ya sare za wagonjwa, akaweka pipa la bia wodini, na akawaomba wenyeji wa mji wawaalike vijana hao nyumbani kwao, wale nao, wasigeuze nyuso. Mji ukakubali. Mpaka leo East Grinstead hukumbukwa kama mji usiokodoa macho. Wagonjwa wake walianzisha chama mwaka 1941, wakakiita Guinea Pig Club, kwa jina la wale wanyama wadogo wanaofanyiwa majaribio, na wanachama wake walifikia 649. Wengine walipasuliwa mara kumi, ishirini na zaidi.

Wala McIndoe si mtu wa mbali nasi. Baada ya vita alikuwa na shamba kwenye mteremko wa Kilimanjaro. Yeye na wapasuaji wenzake wawili, Michael Wood aliyekuwa Afrika Mashariki na Tom Rees wa Marekani, ndio walioanzisha mwaka 1957 huduma ya madaktari warukao kwa ndege, ambayo leo tunaijua kwa jina la AMREF. Wote watatu walikuwa mafundi wa kurekebisha maumbile. Niliposoma hivyo nilijihesabu kama mtu aliyegundua kwamba jirani yake ni ndugu.

Siku ikafika. Sikula tangu usiku wa manane. Nilisukumwa kwenye kitanda cha magurudumu nikitazama taa za darini, nikahesabu mpaka saba, nikalala. Daktari alikata kovu, shingo na mdomo vikaachiwa, na kwenye uwazi uliobaki akashona ngozi aliyoichukua kinenani. Ngozi nzima, si tabaka jembamba la juu, kwa kuwa iliyo nyembamba hujikunja na kuvuta tena. Juu yake akafunga donge la pamba na nyuzi, likandamize.

Kiraka cha ngozi hakiji na damu yake. Siku mbili za mwanzo hunywa unyevu wa kidonda tu. Kisha mishipa midogo ya chini huanza kuungana na ya juu, na kufikia siku ya tano hivi hujulikana kama kimeshika. Kikisogea, au damu ikijikusanya chini yake, hufa. Kwa hiyo niliagizwa nisiseme, nisitafune, nisicheke, nisigeuze shingo. Mimi niliyekwenda kutafuta kicheko nililala siku tano kama gogo, nikinyweshwa uji kwa mrija, na kuandika shida zangu kwenye daftari. Nilimfikiria sana Cowasjee.

Siku ya tano donge lilipofunguliwa niliomba kioo. Muuguzi alimtazama daktari, daktari akaitikia kwa kichwa. Nisifiche: nililia. Nilichokiona kilikuwa kipande cheusi cha zambarau, kimezungukwa na nyuzi, uso umevimba, na ukingo mmoja, upana wa ukucha, ulikuwa umekufa. Nilidhani nimeuza kilema cha zamani nikanunua kibaya zaidi, tena kwa akiba yangu yote. Daktari aliniambia kwamba ukingo ule utajifunga, rangi itarudi taratibu, na nisihukumu kazi kabla ya mwaka kwisha. Mwaka! Kisu kilichukua saa mbili.

Nilirudi nyumbani nikiwa na masharti: nipake mafuta na kukanda kovu mara tatu kwa siku baada ya nyuzi kutoka, nivae kitambaa cha kubana usiku, nijikinge na jua. Jua la Tanga! Nilitembea nimejitanda kanga mpaka machoni, na kwa mara ya kwanza maishani sikuwa nikijificha, nilikuwa nikijitibu.

Mama ndiye aliyekuja kuniuguza. Hakuombwa. Alishuka kwenye basi la Muheza na kikapu chake, akauliza mafuta yako wapi. Tangu siku hiyo, asubuhi, alasiri na usiku, alinikanda kwa vidole vyake vikavu, kwa mzunguko mdogo mdogo, kama alivyoonyeshwa na muuguzi. Hatukuzungumza mengi. Mwezi wa tatu, alasiri moja, mkono wake ukasimama shingoni mwangu.

"Mimi ndiye niliyekiweka kile kibatari," alisema.

Miaka yote ile hatukuwahi kulitaja jambo hilo. Nikaelewa kwamba neno lake la barazani halikuwa la kunishtaki mimi. Alikuwa amekaa na kovu lile miaka 46 kama mimi, ila yeye alikuwa upande wa kulitazama; na nilipotaka kuliondoa, alidhani namtangaza mbele ya watu.

"Najua, mama," nikamwambia. "Na mimi ndiye niliyevuta kitambaa."

Alikaa kidogo, akachota mafuta tena, akaendelea kukanda.

Mwaka ulipokwisha, kiraka kilikuwa kimelainika, rangi yake imekaribia ya shingo, ingawa mpaka leo mwenye kuangalia vizuri ataona mshono. Ncha ya mdomo ilikuwa imerudi karibu na mahali pake. Nilikwenda kwa meneja wa benki, kijana aliyekuwa mgeni kwetu, nikamwomba anipeleke dirishani. Alishangaa kwamba kuna mtu anayetaka kazi ile. Mteja wangu wa kwanza alikuwa mzee mmoja mwenye haraka. Hakunitazama usoni hata mara moja. Alitazama noti nilizokuwa nikihesabu, akazihesabu tena mwenyewe, akaenda zake. Sijawahi kufurahi hivyo kazini.

Mama alifariki mwaka 2019. Nimeandika haya kwa ajili ya wale wanaofikiria kupita njia hiyo na wanaogopa kuitwa wenye majivuno. Ulizeni daktari atawaachia kovu gani, na lipi litakuwa la tatu. Jiandaeni kwa mwaka, si kwa siku. Tafuteni mapema atakayekaa nanyi kitandani, maana Gillies alikuwa na mikono mizuri, lakini viti vya buluu vilibaki barabarani. East Grinstead ndiko walikojua kwamba kupona kunamhusu pia yule anayetazama. Na mkimsikia mzee akimwonya mtoto kwamba hujafa, hujaumbika, msione uchungu. Mimi siku hizi naisikia kama ahadi: maadamu tu hai, bado tunaumbwa, na mikono inayotuumba ni mingi.